Nzuri Zaidi Inabaki Nawe

Sindano ililetwa ikiwa imevikwa risasi. Siyo risasi ya bunduki. Ni ile nyingine, madini mazito ya kijivu yanayozuia mionzi. Lakini Kiswahili kimezipa zote mbili jina moja, na mtu akiwa amelala chali kwenye kitanda chembamba, mkono umenyooshwa, mshipa umeshatafutwa ukapatikana, hayo si mambo mazuri ya kuwaza.

“Usijali,” akasema kijana wa mashine. “Hiyo koti ya risasi ni yangu, si yako. Wewe unadungwa leo tu. Mimi hii ndiyo kazi yangu Jumatatu hadi Ijumaa.”

Nilikuwa mzima. Sikuwa na homa, sikuwa na maumivu popote. Mwaka huo nilikuwa nimeingia hospitali mara nyingi kuliko miaka yangu 26 yote iliyotangulia, na kila mara nilitoka na karatasi inayosema niko sawa. Presha, sawa. Sukari, sawa. Siku moja nilibeba mkojo wangu wa saa 24 ndani ya galoni kutoka Umoja, nimeupakata kwenye matatu kama mtoto mchanga. Makanga akaniuliza kama ni asali nauza. Nikamwambia hii imeshanunuliwa.

Mgonjwa alikuwa dada yangu, kifungua mimba wetu. Presha ilimla figo kimya kimya kwa miaka, na alipoanza kuvimba miguu na kukosa pumzi tulidhani ni uchovu wa Gikomba, kule alikokuwa akiuza mitumba. Hiyo mitumba ndiyo ilinisomesha. Mama alikuwa Voi, mimi nilikuwa Nairobi kwa dada, na karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye marobota ya nguo za watoto aliyoyafungua saa kumi na moja alfajiri kabla ya wateja kufika.

Mtandaoni sisi Wakenya tuna utani mmoja ambao hauzeeki. Simu mpya ikitoka, tunaulizana figo inaenda pesa ngapi. Nimeucheka sana huo utani. Siku daktari aliposema figo zote mbili za dada zimekwisha, nilifungua simu nikakuta mtu ameuweka tena, watu wanacheka, na mimi nikaanza kuhesabu. Mama ana kisukari. Ndugu yetu wa kati, kundi lake la damu lilikataa. Nikabaki mimi.

Hakuna aliyeniomba. Kwetu mtu haombwi, anatazamwa. Mama alipanda treni kutoka Voi, akafika, akanipikia chapo, akanitazama nikila. Kwenye kundi la WhatsApp la familia watu waliandika “Mungu atafungua njia,” na kila nikisoma nilijua njia ni mimi.

Kabla ya kufikishwa kwenye kile kitanda nilipelekwa kwa mshauri wa hospitali. Mama wa makamo, miwani imening’inia kifuani, sauti ya mwalimu wa shule ya Jumapili. Aliwatoa watu wote nje, akafunga mlango.

“Nani amekutuma?”

“Hakuna.”

“Umeahidiwa kitu? Shamba? Kazi? Pesa?”

“Hapana.”

“Unaogopa nini?”

Hapo nikanyamaza. Akasubiri, kisha akasema, “Sikiliza, kijana wangu. Mpaka ile dakika ya kuingia chumba cha upasuaji, unaweza kubadilisha nia. Ukija kwangu useme hutaki, sisi tutawaambia watu wako kwamba vipimo havikuruhusu. Hatutasema zaidi ya hapo. Hakuna atakayejua. Hata mama yako.”

Nilitoka mle na hayo maneno kama elfu moja iliyofichwa ndani ya soksi. Sikuitumia, lakini nilikuwa nayo. Kila nikikanyaga naisikia.

Siku ya kipimo nilitakiwa kunywa nusu lita ya maji kwanza. Dada alikuwa amenisindikiza, na tulikaa benchi moja. Mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi huambiwa apime maji kama dawa, kwa sababu yakiingia hayana pa kutokea. Yanakaa miguuni, yanapanda mapafuni, yanasubiri siku ya mashine. Dada alikuwa akinywa kwa kifuniko cha chupa. Usiku wa joto alikuwa akinyonya kipande cha barafu na kukihesabia pia. Sasa mimi nimeshika chupa nzima karibu naye, nashindwa kuifungua.

“Kunywa bana,” akasema. “Kunywa nikuone.”

Nikanywa. Akaniangalia koo hadi chupa ikaisha.

Ndani, nilimuuliza kijana wa mashine hii dawa inatoka wapi. Nilitaka tu kuchelewesha ile sindano.

“Inatoka kwa ng’ombe,” akasema.

Nilidhani ananichezea. Kumbe ndivyo wanavyoita kile chombo katika kazi yao, na kuitoa dawa wanaita kukamua. Ndani ya chombo kuna molibdenamu yenye mionzi, iliyotengenezwa kwenye tanuri la nyuklia. Matanuri ya kazi hiyo ni machache duniani, na moja lipo Afrika Kusini, Pelindaba. Molibdenamu hiyo inapooza pole pole na kugeuka kuwa kitu kingine kiitwacho teknetiamu-99m. Asubuhi wanapitisha maji ya chumvi humo ndani. Molibdenamu inabaki imeng’ang’ania, teknetiamu inatoka na maji. Kesho asubuhi imejaa tena, wanakamua tena. Baada ya wiki moja au mbili ng’ombe amekauka, wanaleta mwingine.

Teknetiamu ilipatikana mwaka 1937 kule Palermo, Italia, na Carlo Perrier na Emilio Segrè. Ilikuwa elementi ya kwanza kutengenezwa na binadamu, na jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu cha kutengenezwa. Hii wanayotumia hospitalini ina haraka. Baada ya saa 6 nusu yake imeisha. Baada ya saa 12 imebaki robo. Kesho wakati kama huo imebaki moja juu ya kumi na sita, na nyingi ya hiyo imeshakwenda chooni.

“Teknetiamu ni taa tu,” akaendelea, akifunga mpira kwenye mkono wangu. “Haijui njia. Ndiyo tunaipakia kwenye mkokoteni unaoitwa MAG3. Figo ikiuona huo mkokoteni kwenye damu inaunyakua, inautupa kwa mkojo. Sisi na kamera tunafuata taa. Tunaona figo gani inanyakua haraka na gani inazembea.”

“Na hii mionzi?”

“Ni kidogo. Mwaka mzima wewe unapata mingi kuliko hii, bure, kutoka kwa mawe na hewa na angani.” Akanitazama. “Umesoma kwa Google, si ndiyo?”

Nilikuwa nimesoma. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala. Nilianza kwa kutafuta kama hii dawa inaua, na kufika saa tisa za usiku nilikuwa natafuta swali jingine kabisa. Nani alidungwa kwanza?

Kwa sababu lazima kuna mtu wa kwanza. Kila dawa ya mionzi inayoonyesha figo iliwahi kuwa chupa ambayo haijawahi kuingia kwa binadamu. Na hapo kuna jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Huwezi kuanza na wagonjwa peke yao. Ukimdunga mgonjwa, taa ikichelewa kutoka, utajuaje kama figo ndiyo imechoka au mkokoteni ndio mbovu? Unahitaji mtu ambaye figo zake hazina neno. Unamdunga yeye, unaona uzima unafananaje kwenye skrini, ndipo unaweza kuutambua ugonjwa.

Mwaka 1986, Marekani, Andrew Taylor na wenzake walichapisha matokeo ya MAG3 kwa watu waliojitolea. Waliilinganisha na dawa ya zamani iliyotumia iodini-131, ambayo ilikuwa ikifuata figo vizuri lakini picha zake zilikuwa hafifu, na mionzi ya iodini hiyo huchukua siku 8 kupungua kwa nusu. Hawakuishia hapo. Mwaka 2010 Taylor na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, walichapisha kipimo cha dawa nyingine mpya ya teknetiamu, tena kwa watu wazima wenye afya, waliodungwa mpya na ya zamani kwa pamoja ili zikimbie mbio moja ndani ya mwili mmoja.

Majina ya waliodungwa hayaandikwi kwenye kazi kama hizo. Kinachobaki ni umri, vipimo, na mistari miwili ya grafu inayopanda na kushuka. Mtu fulani aliamka asubuhi, akanywa chai, akaenda kulala chini ya kamera hali haumwi popote. Huenda alilipwa kidogo. Huenda alikuwa mwanafunzi anayetafuta nauli. Mstari wake ukaingia kwenye vitabu, na leo daktari wa Nairobi akisema figo yangu ni ya kawaida, hiyo kawaida imekopwa kutoka kwa huyo mtu na wenzake.

Lakini usiku huohuo nilikutana na wengine. Kuanzia mwaka 1946 hadi 1953, katika shule ya Fernald huko Massachusetts, wavulana waliokuwa wamewekwa humo na serikali walilishwa uji na maziwa yaliyotiwa chuma na kalsiamu zenye mionzi, ili wanasayansi waone mwili unafyonzaje chakula. Waliambiwa wamejiunga na klabu ya sayansi. Walipewa zawadi ndogo ndogo na kupelekwa kutazama mechi ya besiboli. Hawakuambiwa kuhusu mionzi. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo, lakini sidhani kama ukubwa wa kiasi ndio unaoniuma. Nilikumbuka nikiwa darasa la nne, jinsi ambavyo ningekula uji wa mtu yeyote aliyeniahidi kunipeleka uwanjani. Mwaka 1947, hao watoto wakiwa bado wanakula huo uji, mahakama ya Nuremberg ilikuwa tayari imeandika kwamba mtu hafanyiwi majaribio bila ridhaa yake, na kwamba akitaka kuacha katikati, aachwe. Rais Bill Clinton aliomba msamaha kwa niaba ya serikali yake mwaka 1995, kwa hayo na mengine ya aina hiyo. Wale wavulana walikuwa wazee.

Basi tofauti ya hao na wale wa Atlanta haikuwa kwenye sindano. Wa Atlanta walikuwa na mlango.

“Sasa usisonge,” akasema kijana wa mashine. “Kupumua ruhusa.”

Baridi kidogo ikapita mkononi, basi. Kamera ilikuwa chini yangu, na skrini aliigeuza nione. Kwanza likaja wingu, damu ikitoka moyoni na kushuka. Kisha, kabla sijamaliza kuhesabu hadi mia, pande mbili za uti wa mgongo zikawaka. Nilikuwa sijawahi kuziona. Miaka 26 zimekuwa zikisafisha damu yangu mchana na usiku, nikiwa shuleni, nikiwa nimelewa, nikiwa nimelala kwa dada bila kulipa kodi, na mimi sijawahi hata siku moja kuzikumbuka.

Na sasa niseme kile ambacho sikumwambia mtu. Nikiwa nimelala pale nikizitazama, niliomba ziwe mbovu.

Si mbovu sana. Mbovu kiasi cha kukataliwa. Niliomba moja izembee, mstari wake ulale chini, daktari atikise kichwa. Ile elfu moja ya kwenye soksi ilikuwa uongo, na uongo ungenisumbua. Nilitaka mashine iniambie hapana ya kweli. Dakika karibu thelathini nililala bila kusonga, kama mtoto mzuri, nikiuombea mwili wangu mabaya.

Nilipotoka, dada alikuwa palepale benchini, barakoa imeshuka kidevuni. Nikakaa. Hakuuliza imeendaje. Alichukua chupa yangu tupu akawa anaizungusha mkononi.

“Unajua,” akasema, “wakisema hapana, mimi sitauliza mara ya pili.”

Sikumwelewa mara moja.

“Wewe au wao, sijali. Mtu akiniambia haiwezekani, nitaamini. Na bado utakuwa ndugu yangu, na bado ukija kwangu utakula.” Akanirudishia chupa. “Sasa twende, kabla jamu haijashika Ngara.”

Kumbe alijua mlango upo. Labda alikuwa ameelezwa na yule mshauri, labda alinisoma tu usoni, maana amenilea. Mtu pekee aliyekuwa na haki ya kuufunga ule mlango ndiye aliyeuegemea ukabaki wazi.

Jioni hiyo nilikuwa nimeambiwa nikunywe maji, nikojoe mara nyingi, na nisimpakate mtoto mdogo kwa saa kadhaa. Binti wa dada ana miaka minne na hajui kukaa mbali na mtu. Nilipomwambia leo akae kiti kile, akanuna. Nikamweleza kwamba mjomba amewekewa taa tumboni, kesho itakuwa imezimika. Akafikiria. Kisha akakimbia, akazima taa ya sebuleni, tukabaki gizani sote, Mama, dada, mimi, huku yeye amesimama mlangoni ananikagua.

“Mjomba, huwaki,” akasema kwa masikitiko.

Dada alicheka hadi akakohoa. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu mwaka uliotangulia.

Siku tatu baadaye daktari wa figo alinionyesha karatasi. Mistari miwili, mmoja mwekundu, mmoja wa kijani, yote inapanda kwa ghafla na kushuka taratibu kama mgongo wa Sagalla ukiutazama kutoka kwetu Voi. Kushoto, asilimia 48 ya kazi. Kulia, 52. Figo zote mbili hazikuwa na neno. Maombi yangu yalikuwa yamekataliwa.

“Tutachukua ya kushoto,” akasema. “Mshipa wake ni mrefu, unashoneka vizuri. Na hata kama isingekuwa hivyo, sisi huwa hatuchukui nzuri zaidi. Nzuri zaidi inabaki nawe.”

Nikamwomba arudie.

“Wewe ndiye mzima. Ulikuja hapa ukiwa mzima, lazima uondoke ukiwa mzima. Zikitofautiana, ile dhaifu ndiyo inatoka. Mgonjwa anashukuru hata kwa hiyo.”

Sijui kwa nini ni maneno hayo yaliyonivunja, na si machozi ya Mama wala mashine ya dada. Kwa miezi mingi nilikuwa nimejiona kama spea tu. Gari la familia limeharibika, mimi ni lile bovu la uani linalofunguliwa vipuri. Na hapa kuna watu ambao walikuwa wamekaa chini, wakanipima, wakanidunga taa, ili wajue ipi ni bora, kisha waniachie mimi. Kipimo kile sikuwa nimekielewa. Nilidhani kinatafuta cha kuchukua. Kilikuwa kinatafuta cha kubaki.

Nilienda kwa yule mshauri mwenye miwani kifuani, nikamwambia naendelea. Akaniuliza tena kama nina uhakika. Nikamwambia sina, lakini naendelea. Akaandika.

Upasuaji sitausimulia. Uliuma kuliko walivyosema. Kucheka kuliniumiza mwezi mzima, na Mama, ambaye huwa hana mzaha, aligeuka mchekeshaji mwezi huohuo. Nitasema hili moja tu, kwamba siku ya pili muuguzi aliingia kwenye chumba changu ameinua mfuko wa mkojo wa dada kama mtu anayeonyesha samaki aliyemvua ziwani.

Miezi michache baadaye damu ya dada ilionyesha namba ambayo daktari hakuipenda, akaagiza apigwe picha ileile. Nilimsindikiza. Benchi lilelile. Safari hii yeye ndiye aliyenywa nusu lita, polepole, macho amefumba, na mimi nikamtazama koo.

Kijana wa mashine alinikumbuka. Aliniruhusu nisimame nyuma ya kioo. Kamera safari hii waliiweka juu yake, si chini, kwa sababu figo ya kupandikizwa haikai mgongoni. Huwekwa mbele, chini ya tumbo, karibu na nyonga, na zile kuukuu huachwa mahali pake.

“Dada, usisonge,” nikasema kwenye kipaza sauti.

“Nyamaza,” akajibu. “Wewe ndiye ulikuwa unatikisa miguu, niliambiwa.”

Wingu likashuka. Nikahesabu. Mgongoni hakukuwaka kitu. Kisha chini kulia, mahali ambapo hakuna mtu anayezaliwa na figo, doa moja likawaka. Nililijua. Nilikuwa nimelitazama siku moja kwa dakika karibu thelathini nikiliombea mabaya. Mstari ukapanda, ukafika kileleni, ukaanza kushuka taratibu.

“Iko poa,” akasema kijana, kabla ya daktari kumruhusu kusema. “Ni dawa zake tu watapunguza. Hii figo haina shida.”

Sikumjibu. Nilikuwa natazama sehemu ya chini kabisa ya skrini, ambako mwanga ulikuwa unakusanyika tone kwa tone. Kibofu kilikuwa kinajaa.

“Mnisaidie jamani,” dada akaita kutoka kitandani. “Nimebanwa na mkojo.”